Inayozima Ndiyo Dawa

Vidonge vimefika vimefungwa katika karatasi ya daftari,
hesabu za mtoto wa darasa la nne:
saba mara nane, hamsini na nne;
kalamu nyekundu imeikata, ikaandika hamsini na sita.
Mama Nsimire alivinunua Kadutu, penye ngazi,
franga elfu mbili mia tano, na muuzaji akamwongeza kimoja.
"Niambie tu," alisema, "kama ni dawa."

Saa nne usiku. Umeme umerudi Bukavu,
na SNEL haiagi inapoondoka,
kwa hiyo naharakisha kila kitu isipokuwa mikono.

Maji. Mafuta. Sabuni.
Kijiko cha pombe kutoka chupa ambayo Zihindula
huitia alama kila jioni, asije mtu akainywa.
Walisema maji na mafuta hayapatani;
waliosema hawakuwa na sabuni ya kutosha.
Natikisa: ukungu. Natikisa tena: maziwa.
Kisha, bila mtu kuamuru, kweupe,
kana kwamba humu hakujawahi kuwa na ugomvi.
Kumbe ndani ni mtaa mzima,
vijumba vidogo kuliko neno "kidogo",
kuta zake sabuni tupu,
vichwa majini, mikia mafutani,
na hapo ukutani ndipo rangi imepanga chumba.

Rangi hii ni ya kukopa na kulipa.
Unaimulika kwa mwanga wa zambarau,
inaumeza, inaushika muda usiotosha
hata kope kuanza kufumba,
kisha inaurudisha kijani, umepungua kidogo.
Nimezima taa ya dari. Chupa inawaka peke yake
kama dirisha moja la Muhungu
lenye watu wenye jenereta.

Kwanza dawa ya kweli, ya kopo la hospitali.
Tone moja: kijani kinasinyaa.
La pili. La tatu.
Dawa imeingia vijumbani, imeikuta rangi mlangoni
na mkopo mkononi, ikaupokea kabla haujarudishwa.
Hakuna moto, hakuna moshi. Giza lenye adabu.
Naandika namba, naunganisha nukta,
mstari unanyooka kama uzi wa fundi.

Siku yangu ya kwanza hapa, rangi ilipozima, nililia.
Nilidhani nimeharibu.
Sisi tuliosomea mshumaa,
nani alitufundisha kuliombea giza?
Zihindula akacheka:
"Hapa, inayozima ndiyo dawa.
Ikikataa kuzima, mtafute mwenye mgonjwa."

Sasa kidonge cha Mama Nsimire.
Nimekisaga, nimekichuja. Kinanuka chaki.
Tone moja. Kijani.
La pili. Kijani.
La tano, na namba kwenye mashine haitoki nyumbani:
mia sita kumi na mbili, kumi na moja, kumi na mbili.
Labda ni mkono wangu. Naosha chupa, naanza upya.
Labda ni sabuni. Naanza tena.
Kijani, kizuri mno, kijani cha nguo ya sikukuu,
kinanitazama bila haya.

Saa tano na robo SNEL ikaondoka.
Chumba kikazima, mashine ikazima, chupa ikazima,
na kwa pumzi moja, Mungu anisamehe, nilifurahi.
Imezima!
Nikasimama gizani nimeishika,
nikiisikia jokofu ikiguna mguno wake wa mwisho,
mpaka akili iliponirudia:
hili si giza nililokuwa nikilitafuta.

Nimewasha simu. Nimeikunjua ile karatasi
nipate pahali pa kuandika jibu.
Pembeni kuna jina la mtoto, Cubaka,
na tarehe ya Jumatatu iliyopita,
siku ambayo bado alikuwa anakwenda shule.
Kosa lake moja tu ukurasa mzima,
na limesahihishwa siku hiyohiyo.

Sikuandika. Nimevaa koti.
Panzi ni mbali kwa miguu na mvua imeanza,
lakini kidonge cha asubuhi hunywewa saa kumi na mbili.